Chakula cha mtoto kina kasoro? Usitupe kimyakimya, lalamika

Pakiti ya unga wa lishe inafunguliwa, ndani kuna wadudu. Katika familia nyingi kinachofuata kinajulikana. Unga unaishia jalalani, mama ananung'unika, na wiki inayofuata ananunua wa kampuni nyingine. Fedha zimepotea na kiwanda hakijui lolote. Kibaya zaidi, pakiti nyingine zilizotengenezwa siku ileile bado zipo madukani, na mzazi mwingine anazinunua.

Wengi hunyamaza wakiamini kwamba kampuni kubwa haiwezi kumsikiliza mtu aliyenunua pakiti moja. Lakini mara nyingi mzazi ndiye wa kwanza kuona kasoro iliyopita kiwandani bila kugundulika.

Ukimya una gharama
Mwaka 2008 nchini China ilibainika kuwa maziwa ya unga ya watoto yalichanganywa na melamini, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki. Lengo lilikuwa maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane yana protini ya kutosha yakipimwa. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, wakiwamo waliopata mawe kwenye figo, na sita walifariki dunia. Kampuni ya Sanlu ilikuwa imepokea malalamiko ya wazazi tangu Desemba 2007, lakini umma ulitangaziwa Septemba 2008.

Barua ya mtoto yabadili jina la mkate
Zipo kampuni zinazosikiliza. Mwaka 2011 nchini Uingereza, mtoto wa kike wa miaka mitatu na nusu aliandika barua kwa Sainsbury's, kampuni yenye maduka makubwa ya vyakula. Alihoji kwa nini mkate wao uliitwa wa chui milia, wakati madoa yake yanafanana zaidi na ya twiga.

Ofisa wa huduma kwa wateja angeweza kuipuuza. Badala yake alimjibu kwa lugha ya mtoto, akakubali kuwa ana hoja, akamweleza jina lilivyotokea na kumtumia kadi ya zawadi ya pauni 3. Januari 2012 kampuni ilitangaza kuuita mkate huo wa twiga.

Namna ya kulalamika ukasikika
Mtoto akitapika, kuharisha au kuvimba baada ya kula, hospitali kwanza; malalamiko baadaye. Mzazi aende na pakiti, kwani daktari atataka kujua mtoto alikula nini.

Pakiti isitupwe. Chakula kilichobaki kifungwe vizuri na kuwekwa mbali na watoto. Kwa simu, ipigwe picha ya kasoro yenyewe, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi. Namba hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa humwezesha mtengenezaji kujua bidhaa ilitengenezwa lini na kwa malighafi ipi. Risiti nayo itunzwe.

Hatua inayofuata ni kupiga simu au kuandika kwa anwani iliyopo kwenye pakiti. Ujumbe uwe mfupi: bidhaa gani, ilinunuliwa wapi na lini, kasoro gani, na mteja anataka nini, iwe ni kurudishiwa fedha, kupewa nyingine au kuelezwa sababu. Matusi hayasaidii. Anayepokea simu siye aliyefunga pakiti.

Kampuni ikitaka kuchukua chakula hicho kwa uchunguzi, mzazi abaki na sehemu yake na picha zote, na aandike jina la aliyezungumza naye pamoja na tarehe.

Jibu zuri likoje?
Huduma nzuri haiishii kwenye katoni ya bidhaa za bure. Kampuni makini huomba radhi, huuliza namba ya bechi, hueleza itachunguza nini na hurudi na majibu. Zawadi isiyo na maelezo humtuliza mzazi mmoja tu, huku tatizo likibaki sokoni.

Kampuni ikikaa kimya, au kasoro ikiwa inahatarisha afya, mzazi asiishie hapo. Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Kenya kuna KEBS, na Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia anapopata madhara.

Na kampuni ikijibu vizuri, ni vyema kuishukuru, kisha kumweleza na mwenye duka. Huenda bado ana pakiti za bechi ileile kwenye rafu.