Mafua ya Kipupwe: Vaa Sweta, Fungua Dirisha

Ikifika Juni, Moshi inabadilika. Pale soko la Kiboriloni masweta ya mitumba ndiyo yanayogombewa, mlima unajificha kwenye mawingu, na kila daladala ya kwenda mjini haikosi mtu anayekohoa. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: "Ni baridi tu hii." Hapo ndipo nataka tuelewane, maana tukikosea chanzo tutakosea na kinga.

Baridi peke yake haileti mafua. Mafua yanaletwa na virusi. Kama hakuna aliyekuambukiza, unaweza kutetemeka usiku kucha na usipate mafua. Inachofanya baridi hasa ni kutubadilisha tabia: tunabanana na tunafunga madirisha. Abiria akifungua dirisha la daladala, gari zima linamjia juu. Geto la watu watatu linafungwa tangu jioni mpaka asubuhi. Sasa mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea, anatoa vitone vidogo sana. Vile vikubwa huanguka karibu, vile vidogo huelea. Hewa isipotoka nje, wote mnavuta ileile.

Jambo la pili: homa ya mafua, ile inayokulaza kwa homa na maumivu ya mwili, huanza kuambukiza takriban siku 1 kabla mtu hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya dalili kuanza. Kwa hiyo kumkwepa anayekohoa tu hakutoshi. Aliyekaa karibu yako akicheka vizuri leo, kesho anaweza kuwa amelala.

Tufanyeje basi? Vaa sweta, lakini fungua dirisha, hata kwa upenyo mdogo. Ukiweza, fungua la upande huu na la upande wa pili ili hewa ipite. Kohoa kwenye kiwiko, si kiganjani, kwa sababu kiganja hichohicho kitashika kalamu ya mwenzako na nauli ya konda. Nawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula au kugusa uso. Mwaka 2020, wakati wa Corona, ndoo za maji tiririka zilikuwa kila mlango. Nyingi siku hizi zimekauka. Kuzijaza tena hakuhitaji kikao. Ukiugua, pumzika chumbani, omba notsi, na ukilazimika kutoka vaa barakoa.

Na jamani, tuache kukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya amoksilini kila pua ikitiririka. Antibayotiki hupambana na bakteria, haziui virusi. Ukizitumia ovyo, unawapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Hata nyungu inaweza kukupa nafuu ya pua iliyoziba, lakini virusi haiviui.

Kwani kuna shida gani, si mafua tu? Kwako wewe wa miaka 22 huenda ni siku chache za kujikunyata. Lakini wikiendi tunapanda Old Moshi kumsalimia bibi, ambaye anapikia kuni na kifua chake kimeshachoka. Kwake, kwa mtoto mchanga, kwa mjamzito na kwa mwenye pumu, homa hiyohiyo inaweza kugeuka nimonia. Ukiwa na kikohozi, mpigie simu bibi, safari isubiri. Na mgonjwa yeyote akipumua kwa shida, akibana kifua au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

Sisi wa elimu tuna deni zaidi. Tukienda mazoezi ya kufundisha tutakuta darasa limejaa watoto na madirisha yamefungwa. Kabla ya kuandika tarehe ubaoni, waambie wavae masweta, kisha wafungue madirisha, na uwaeleze kwa nini.