Je, Wajua? Kifutu Hamkimbii Mtu

Mvua zinapoanza Songea kuelekea Desemba, wakulima wa mahindi huingia shambani asubuhi na mapema, na wengi huvaa kandambili au katambuga. Hapo ndipo kifutu anapokuwa hatari. Nyoka wengi wakihisi mtikisiko wa hatua hujiondokea. Huyu hutulia tuli, rangi yake ikifanana na majani makavu, akauma anapokanyagwa. Jeraha huwa mguuni, chini ya goti, sehemu ile ile inayofunikwa na gambuti lenye shingo ndefu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kote ulimwenguni kila mwaka.

Kwa mkulima, basi, gambuti ni kinga, lakini halifai kila kazi. Cheche za kuchomelea huunguza mpira, hivyo fundi anahitaji buti la ngozi, na suruali ishuke juu yake ili cheche zisidondokee ndani. Seremala naye, msumari wa ubao ukipenya kandambili, anaweza kupata pepopunda. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Mkulima mdogo hujinunulia mwenyewe, na hilo ni zigo kweli.

Buti lililolala nje likung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nge hupenda kujificha ndani.