Ng'ombe Kabla ya Ngoma

Programu mpya ikiwekwa kwenye seva ya zamani ikagoma kuwaka, fundi hana haja ya kuhangaika sana. Kwenye kioo ataona kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana, na ataanza kutafuta toleo linalofaa. Balaa ni seva iliyosasishwa ikawaka vizuri, ikajibu kila inachoulizwa, na baadhi ya majibu yakawa ya uongo.

Nyuma ya seva nyingi za Linux ipo maktaba ya msingi iitwayo glibc. Programu ikitaka kufungua faili, kuomba kumbukumbu, kusoma saa au kupanga maneno kwa alfabeti, hupitia humo. Watunzaji wake huziheshimu programu za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2010 badiliko katika memcpy, kazi inayonakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine, liliharibu sauti ya Flash Player kwenye Fedora 14. Kosa lilikuwa la Flash, iliyoitumia kinyume cha masharti, lakini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika kwamba mtumiaji hajali kosa ni la nani. Toleo 2.14 la glibc, la mwaka 2011, likabeba memcpy mbili: programu zilizojengwa zamani hupewa yenye tabia ya zamani, mpya hupewa mpya.

Utaratibu huo unalinda programu. Data iliyokwisha kuandikwa diskini haimo.

Agosti 2018 lilitoka toleo 2.28, likiwa na kanuni mpya za kupanga maandishi kulingana na kiwango cha kimataifa ISO 14651. Kabla ya hapo, alama kama kistari na ritifaa zilirukwa kwanza, zikalinganishwa herufi na tarakimu tu. Sasa nazo zinahesabiwa. Zamani 11 ilitangulia 1-1. Siku hizi 1-1 inatangulia 11. Ng'ombe, neno lililosomwa kana kwamba ni ngombe na kuwekwa baada ya ngoma, limehamia mbele yake.

Tuseme zahanati moja ya Lizaboni, mjini Songea, inatunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kanzidata ya PostgreSQL. Namba za mafaili zina vistari na mikwaju, na majina kadhaa yana ritifaa. Kanzidata haipekui mistari yote kila mgonjwa anapofika dirishani. Ina faharasa iliyopangwa, nayo huifungua kama mtu anavyofungua kamusi, katikati kwanza, kisha kushoto au kulia. Fundi akihamisha seva kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, au Debian 9 kwenda 10, amevuka mpaka wa 2.28. Faharasa bado ina mpangilio wa kale, ila anayeisoma anafuata kanuni mpya. Anakata kushoto palipostahili kulia, na jibu linatoka: mgonjwa hayupo.

Karani anamsajili upya. Kizuizi cha namba kujirudia hakimshtui, maana nacho hutegemea faharasa hiyohiyo. Kuanzia hapo mgonjwa mmoja ana mafaili mawili, shinikizo la damu limeandikwa huku na dawa mpya kule, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea.

PostgreSQL si kitu cha mbali na afya ya Watanzania: DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya kukusanya takwimu, huendeshwa juu yake. Waliojenga mifumo yao kwa MySQL wamesalimika na hili, kwa kuwa yenyewe hubeba kanuni zake za kupanga.

Kukwepa kusasisha nako kuna gharama. Udhaifu wa glibc uliopewa jina la GHOST ulitangazwa Januari 2015, ilhali ulikuwa umerekebishwa tangu 2013 bila kutambuliwa kuwa suala la usalama. Seva zilizobaki na matoleo ya nyuma zilikaa wazi muda wote huo. CentOS 7, yenye glibc 2.17, ilifikia ukomo wa huduma tarehe 30 Juni 2024.

Njia salama ni kutoa data yote kwa pg_dump na kuipakia kwenye seva mpya, ambako faharasa hujengwa upya. Ikiwa diski inahamishwa kama ilivyo, amri ya REINDEX, inayojenga faharasa upya, ipigwe kabla karani hajafunguliwa mlango. Seva pacha zinazonakiliana diski kwa diski zisiwe na matoleo tofauti ya glibc. Na kabla ya yote, 11 na 1-1 zipitishwe kwenye amri ya sort katika mashine zote mbili, kwa lugha ileile inayotumiwa na kanzidata. Mpangilio ukitofautiana, kazi ipo.

Tangu toleo 15 la mwaka 2022, PostgreSQL huonya ikiona toleo la kanuni za msingi za kanzidata limebadilika. Kuna amri ya REFRESH COLLATION VERSION inayolinyamazisha onyo hilo, na wapo wanaoikimbilia. Amri hiyo hubadilisha namba ya toleo iliyoandikwa tu. Faharasa inabaki mbovu.

Zahanati iliyochelewa kugundua itakuta REINDEX yenyewe inakataa, kwa kuwa namba zimekwisha kujirudia. Hapo kompyuta haiamui. Karani na muuguzi watakaa na orodha, waoanishe mafaili mojamoja, ndipo faharasa ikubali kujengwa.