Ukinunua mchezo wa video, ni mali ya nani?

Mchezo wa mbio za magari uliouzwa kwa takriban miaka tisa ulizimwa na kampuni iliyoutengeneza mwezi Machi 2024, na tangu siku hiyo walioununua hawawezi tena kuucheza kwa njia ya kawaida. Kisa hicho kilimsukuma mchezaji mmoja, Mmarekani Ross Scott, kuanzisha kampeni ambayo imezifikisha hoja za wachezaji hadi katika taasisi za Umoja wa Ulaya na Bunge la Uingereza. Swali lake ni fupi: kampuni ikishapokea fedha za mnunuzi, je, ina haki ya kukiharibu kile ilichomuuzia?

Kisa cha The Crew

Mchezo huo unaitwa The Crew. Ulitolewa Desemba 2014 na Ubisoft, kampuni ya Ufaransa. Mchezaji aliendesha gari katika ramani iliyoifananisha Marekani kwa udogo, kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Ulikuwa na mashindano baina ya watu wengi, lakini ulikuwa pia na hadithi ndefu ambayo mtu aliweza kuicheza akiwa peke yake. Hata hivyo, hata sehemu hiyo ya mtu mmoja haikufunguka bila kuunganishwa na kompyuta za kampuni kupitia intaneti.

Tarehe 14 Desemba 2023 Ubisoft iliuondoa mchezo huo sokoni na kutangaza kwamba seva zake, yaani zile kompyuta za kampuni, zingezimwa tarehe 31 Machi 2024. Kampuni ilitaja matatizo ya miundombinu ya seva na ya leseni. Walioununua siku za karibuni waliambiwa wanaweza kuomba kurudishiwa fedha, lakini walioununua zamani hawakuwa na nafasi hiyo. Mwezi Aprili baadhi ya wachezaji walikuta hata idhini ya kuufungua mchezo imeondolewa katika akaunti zao. Aliyekuwa na diski mkononi alibaki na diski isiyo na kazi.

Si kila mchezo unaozimwa huacha malalamiko ya aina hiyo. Mwaka huohuo kampuni ya Sony ilitoa mchezo wa kupigana kwa silaha uitwao Concord tarehe 23 Agosti, ukakosa wachezaji, na tarehe 6 Septemba ukafungwa, yaani wiki mbili tu baada ya kuzinduliwa. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Katika kisa cha Concord mnunuzi alipoteza mchezo. Katika kisa cha The Crew wengi walipoteza mchezo pamoja na fedha.

Kwa nini mchezo huishi na kufa pamoja na seva

Zamani mchezo wa video ulikuwa kitu kizima. Programu yote ilikuwa ndani ya kaseti au diski, na mashine ya nyumbani ilijitosheleza. Kampuni iliyoutengeneza ingeweza kufilisika kesho yake na mnunuzi asijue.

Leo michezo mingi imegawanywa sehemu mbili. Sehemu moja, yenye picha na sauti, humfikia mnunuzi. Sehemu ya pili hubaki katika seva za kampuni: ndiyo inayothibitisha akaunti, kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, kumkutanisha na wenzake na wakati mwingine kuamua nini kitokee ndani ya mchezo. Seva hizo hugharimu umeme, ulinzi na mishahara ya mafundi kila mwezi. Wachezaji wakipungua, mapato hupungua, na kampuni huzizima.

Kwa michezo ambayo kiini chake ni watu wengi kukutana, utegemezi huo unaeleweka. Ubishi unaanzia kwenye mchezo ambao mtu angeweza kuucheza peke yake lakini umefungwa kwa seva kwa uamuzi wa kampuni. Kuna sababu kadhaa za kufanya hivyo: kuzuia nakala za wizi, kuuza nyongeza ndani ya mchezo, na kufuatilia mwenendo wa wachezaji. Sababu zote hizo zinamfaa muuzaji zaidi kuliko mnunuzi.

Upande wa sheria, masharti ambayo mnunuzi huyakubali kwa kubonyeza kitufe, mara nyingi bila kuyasoma, husema kwamba hanunui mchezo bali leseni ya kuutumia. Leseni hiyo huweza kufutwa. Ukurasa wa duka, kwa upande wake, humwita mtu anunue, si akodi. Mkodishaji hutaja muda, na muuzaji hukabidhi mali. Hapa hakuna muda uliotajwa wala mali iliyokabidhiwa.

Hoja ya Ross Scott

Scott, anayeishi Poland, alijulikana kwanza kwa video zake za kuchekesha na za kuchambua michezo kupitia chaneli yake ya Accursed Farms. Mwaka 2019 alitoa uchambuzi mrefu akidai kwamba kuuza mchezo kama bidhaa na kisha kuuondoa kama huduma ni udanganyifu. The Crew ilipotangazwa kuzimwa aliona amepata mfano wa kuupima mfumo mzima: mchezo uliouzwa kwa watu wengi, uliotengenezwa na kampuni yenye makao Ufaransa, nchi yenye sheria kali za kumlinda mlaji. Aprili 2024 alianzisha kampeni ya Stop Killing Games na kuwahimiza wanunuzi wapeleke malalamiko kwa idara ya Ufaransa inayosimamia ushindani wa biashara na ulinzi wa walaji.

Madai yake mara nyingi hueleweka vibaya. Hataki kampuni ziendeshe seva milele. Hataki pia zinyang'anywe hakimiliki, au zirudi kuifanyia kazi michezo iliyokwisha kufa. Anachotaka ni kwamba, kwa michezo itakayouzwa siku zijazo, kampuni iwe na mpango wa mwisho tangu mwanzo: itakapoacha kuuhudumia mchezo, iuache katika hali ya kuchezeka. Hilo laweza kufanyika kwa kuondoa sharti la intaneti, au kwa kutoa programu itakayowawezesha wachezaji kuendesha seva zao wenyewe.

Mifano ipo. Seva za mchezo wa Knockout City zilipofungwa Juni 2023, watengenezaji wake walitoa toleo la kompyuta linalowaruhusu wachezaji kuwa na seva zao binafsi. Ubisoft yenyewe, baada ya lawama za The Crew, ilitangaza Septemba 2024 kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zingewekewa njia ya kuchezwa bila intaneti. Na mwaka mmoja baadaye wapenzi wa The Crew ya kwanza, bila msaada wa kampuni, walitoa programu inayoiga seva iliyozimwa na kuufufua mchezo kwenye kompyuta. Kama watu wa kujitolea wameweza, ni vigumu kusema kwamba kampuni kubwa haiwezi.

Kampuni zinajibu nini

Video Games Europe, chama kinachowakilisha kampuni za michezo barani Ulaya, kilitoa msimamo wake Julai 2025. Kilisema kwamba kufunga huduma za mtandaoni lazima kubaki hiari ya kampuni pale huduma hizo zinapokuwa hazina faida tena, na kwamba seva za watu binafsi si suluhisho kwa kila mchezo. Ndani ya seva rasmi kampuni huondoa maudhui haramu na kulinda taarifa za wachezaji. Katika seva za watu binafsi ulinzi huo hautakuwapo, na lawama huenda zikamrudia mwenye hakimiliki.

Kuna pia suala la leseni za watu wengine. Mchezo wa magari hubeba majina na maumbo ya magari halisi, pamoja na nyimbo za wasanii, na mikataba ya vitu hivyo huwa na mwisho. Baadhi ya sehemu za programu za seva hukodishwa kutoka kampuni nyingine na haziwezi kugawiwa kwa umma.

Hoja hizi zina uzito, hasa kwa studio ndogo. Lakini nyingi zinahusu michezo ambayo imekwisha kujengwa. Kampuni inayojua mapema kwamba siku moja itatakiwa kuuacha mchezo wake ukiwa hai inaweza kujadiliana mikataba yake na kupanga programu zake kwa kulizingatia hilo.

Sheria imefika wapi

Umoja wa Ulaya una utaratibu unaowaruhusu raia kuiomba Tume ya Ulaya ipendekeze sheria, iwapo watakusanya saini milioni 1 na kufikia viwango vilivyowekwa katika nchi zisizopungua 7. Scott si raia wa Umoja huo, hivyo ombi liliandikishwa na raia wa nchi wanachama. Ukusanyaji ulianza Julai 2024, na kwa karibu mwaka mzima ulikwenda kwa kusuasua. Mwishoni mwa Juni 2025 wachezaji mashuhuri wa mitandaoni waliipigia debe kampeni hiyo, na mwanzoni mwa Julai saini zikavuka milioni 1. Muda ulipomalizika tarehe 31 Julai 2025, zilikuwa zaidi ya milioni 1.4 kabla ya kuhakikiwa. Utaratibu huo unailazimisha Tume kulichunguza ombi na kulijibu ndani ya miezi 6 tangu kukabidhiwa, lakini hauilazimishi kupendekeza sheria.

Uingereza, ombi kama hilo lilipita saini 100,000 na kujadiliwa bungeni tarehe 3 Novemba 2025. Serikali ilisema haina mpango wa kubadili sheria, ila ilikumbusha kwamba wauzaji wanapaswa kumpa mnunuzi taarifa zilizo wazi.

Jimbo la California nchini Marekani lilichagua njia nyepesi zaidi. Sheria iliyoanza kutumika 1 Januari 2025 inazuia maduka ya mtandaoni kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali isipokuwa yaeleze wazi kwamba mteja anapata leseni tu. Haizigusi bidhaa ambazo mteja anaweza kuzipakua na kubaki nazo bila intaneti. Sheria hiyo haiuokoi mchezo wowote, lakini inamwondolea mnunuzi kiini macho.

Vibanda vya gemu na mchezaji wa Afrika Mashariki

Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki wana sababu zao za kuufuatilia mjadala huu. Katika miji mingi ya eneo hili vijana hucheza katika vibanda vya gemu, wakilipia mechi au muda, mara nyingi kwa PlayStation za zamani na matoleo ya FIFA ya miaka iliyopita. Septemba 2023 kampuni ya Electronic Arts, baada ya kuachana na jina la FIFA, iliyaondoa matoleo ya zamani ya mchezo huo katika maduka ya mtandaoni. Vibanda havikufungwa kwa sababu hiyo, kwa kuwa mechi ya watu wawili walioketi bega kwa bega haihitaji seva. Diski ikiwa nzima na mashine ikiwa nzima, mchezo unaendelea.

Uhuru huo ndio unaopungua kadiri michezo inavyohamia mtandaoni. Pale ambapo umeme hukatika na bando la intaneti hununuliwa kwa kupimwa, mchezo unaodai mtandao hata kwa mtu mmoja humgharimu mnunuzi kila siku, na mwisho wake hupangwa na kampuni iliyo mbali.

Mnunuzi anaweza kujiuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Je, sehemu ya mtu mmoja hufunguka bila intaneti? Je, diski ina mchezo wenyewe, au ni ufunguo tu wa kupakua? Je, kampuni imewahi kufunga mchezo, na iliwafanyia nini wanunuzi wake? Majibu ya maswali mawili ya kwanza mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kasha au ukurasa wa duka, ambapo maneno kama "intaneti inahitajika" humaanisha kwamba siku moja mchezo huo unaweza kuzimwa.