Mkopo wa Gari: Tupime Mafuta Kabla ya Kutazama Rangi



Katika ukaguzi wangu nimekuta mikopo ya magari isiyorejeshwa, si kwa ukaidi wa mkopaji, bali kwa kuwa gari lenyewe lilimla. Bei hulipwa mara moja. Mafuta na vipuri hulipwa muda wote wa maisha ya gari.

Kwanza, pimeni mafuta. Mwombeni mwenye gari la aina hiyo hiyo ajaze tangi, aandike tarakimu za mita ya mwendo, aende kilomita mia kadhaa, kisha ajaze tena. Kilomita zilizokwenda zigawanywe kwa lita zilizoingia. Gari liendalo kilomita 1,200 kwa mwezi, likienda kilomita 8 kwa lita moja, hutumia lita 150. Likienda 12, hutumia 100. Tofauti ni lita 600 kwa mwaka. Zizidisheni kwa bei ya kituo chenu, mlinganishe na marejesho ya mkopo.

Pili, vipuri vyake vipatikane karibu, na fundi wenu awe amelizoea.

Tatu, mita ya gari kuukuu huweza kurudishwa nyuma. Tazameni uchakavu wa pedali, usukani na kiti. Liwasheni likiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayounguza oili.

Kamati ya Mikopo isipitishe ombi lisiloambatishwa hesabu hiyo. Fedha tunazokopeshana ni akiba ya wenzetu.