Majemadari wa Mwisho wa Hispania Amerika Kusini (3): Rodil na Ngome ya Callao

Juma lililopita tuliishia Ayacucho, Desemba 9, 1824, siku Jenerali Sucre wa wazalendo, yaani wapigania uhuru, alipolivunja jeshi la Mfalme wa Hispania na kumteka Makamu wa Mfalme, La Serna, akiwa na majeraha. Mkataba wa siku ile uliagiza kwamba Callao, bandari ya Lima, nayo ikabidhiwe kwa wazalendo. Kamanda wake, José Ramón Rodil, akaukataa.

Wengi humwita kichaa. Mimi sikubaliani nao. Rodil alikuwa mwanafunzi huko Galicia pale Napoleon alipoivamia Hispania mwaka 1808, akaacha vitabu na kuingia katika kikosi cha wanafunzi. Kizazi chake kilishuhudia karibu nchi nzima ikitekwa na Wafaransa huku bandari ya Cádiz ikikataa kuanguka, na mwishowe ufalme ukarudi. Mtu aliyeyaona hayo ujanani haoni ajabu kuamini kwamba bandari moja ikishikiliwa, dola yote yaweza kuokolewa.

Ila Cádiz ililishwa kutoka baharini, manowari za Uingereza zikiilinda. Callao ilizibwa nchi kavu na Jenerali Bartolomé Salom, na baharini na meli za Peru, Chile na Kolombia. Manowari kubwa Asia, tegemeo la Mfalme katika Pasifiki, iliondoka Peru baada ya Ayacucho. Mwaka 1825 mabaharia wake waliasi wakaikabidhi kwa Mexico. Rodil aliendelea kungoja msaada.

Ndani ya kuta za Real Felipe, ngome ya Callao, hawakuwamo askari peke yao. Maelfu ya raia wa Lima walioogopa kisasi cha wazalendo walikuwa wamekimbilia humo, miongoni mwao Torre Tagle, aliyewahi kuwa Rais wa Peru kabla ya kuhamia upande wa Mfalme. Chakula kilipopungua wakala farasi, kisha paka na panya. Kiseyeye kikaingia. Torre Tagle alifariki humo Septemba 1825. Rodil aliwatoa nje raia ili abane akiba ya askari. Wazingiraji nao wakafika mahali pa kukataa kuwapokea, hivyo wenye njaa wakabaki kati ya bunduki za pande mbili. Hapo ndipo ninapomhukumu. Askari ameapa kufa. Mama mwenye mtoto mgongoni hakuapa chochote. Nao askari walioshukiwa kula njama, aliamuru wapigwe risasi.

Alisalimu amri Januari 1826, zaidi ya mwaka mzima baada ya Ayacucho, akapewa heshima zote za kijeshi na ruhusa ya kurudi kwao. Maelfu walikuwa wamekwisha kufa. Hispania ilimpa cheo cha Markizi, na mwaka 1842 akawa Waziri Mkuu.

Mwezi uleule wa Januari, kusini mwa Chile, Antonio de Quintanilla alikuwa akikabidhi kisiwa cha Chiloé, ambako wenyeji wengi waliupigania upande wa Mfalme. Habari zake ni za juma lijalo.