Safari ya Asubuhi Hutengenezwa Jioni

Kila siku ya kazi, jua likiwa bado chini, barabara kuu ya M1 inayoingia Lilongwe kutoka kaskazini huwa imekwisha jaa. Malori, minibasi, magari ya watumishi wa serikali, baiskeli za kabaza na watoto wa shule waendao kwa miguu, wote huelekea upande mmoja kwa saa ile ile. Mwenye gari hulalamika kwamba atachelewa kazini. Lakini wapo wanaopoteza zaidi ya muda, nao ni wagonjwa, wachuuzi na watoto. Yafaa basi kila familia ifahamu chanzo cha msongamano huu, na ijue sehemu gani ya tatizo imo mikononi mwake.

MJI ULIOTAWANYIKA

Lilongwe ilifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, mahali pa Zomba. Hesabu ya watu ya mwaka 1977 ilikuta wakazi 98,718. Ile ya mwaka 2018 ilikuta wakazi 989,318, yaani mara kumi ya wale wa kwanza. Mji ulipangwa uwe mji wa bustani, wenye maeneo yaliyopewa namba na kutengwa kwa miti na nafasi wazi. Ofisi za Capital Hill ziliwekwa mbali na soko la Old Town, na viwanda vya Kanengo vikawekwa mbali na vyote viwili. Mpango huo ulifaa kwa mji mdogo. Leo maelfu ya wakazi wa Area 25, Area 36 na Kawale huishi mbali na kazi zao, na njia za kuwafikisha huko ni chache.

Sababu ya pili ni saa. Ofisi nyingi za serikali hufunguliwa saa 1.30 asubuhi, na shule nyingi huanza karibu na wakati huo huo. Sababu ya tatu ni majira. Wakati wa minada ya tumbaku ya Kanengo, malori yenye marobota huongezeka barabarani. Minada hiyo huendelea hadi miezi ya Juni na Julai, ambapo jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi, na wanaotoka mapema hutembea gizani.

Serikali haikukaa kimya. Barabara za juu zimejengwa kwenye makutano ya Area 18, na barabara kadhaa za mji zimepanuliwa. Hata hivyo, barabara pana nayo hujaa ikiwa kila mtu atatoka kwa saa moja. Singapore ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka ule ule wa 1975 ilianza kuyatoza ada magari yaliyoingia katikati ya mji asubuhi. Dar es Salaam nayo ilitenga njia za mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi mwaka 2016.

SAFARI YA KUTOKA DZALEKA

Uzito wa foleni hii huonekana zaidi kwa mtu atokaye Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilometa 40 kaskazini mwa Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza wakati wa utawala wa Dk. Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakawa makazi ya wakimbizi. Sasa huishi hapo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika sokoni kote.

Mkazi wa Dzaleka hasafiri apendavyo. Wakimbizi nchini Malawi hutakiwa kuishi kambini, na mwaka 2023 wengi waliokuwa wakiishi mijini walirudishwa huko. Anayekwenda mjini hutakiwa kuwa na kibali.

Chukua mfano wa mgonjwa mwenye barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Kamuzu. Minibasi haiondoki mpaka ijae. Ikipita Lumbadzi, mwendo hupungua, na kufika Kanengo husimama kabisa. Akiingia hospitalini saa 4, atawakuta wengi mbele yake. Akiambiwa arudi kesho, atahitaji nauli nyingine na huenda kibali kingine. Nusu saa ya foleni humletea mtumishi karipio la mkubwa wake, lakini humpotezea mgonjwa huyu siku nzima ya matibabu.

KAZI HUANZA JIONI

Familia haiwezi kujenga barabara, lakini yaweza kuokoa nusu saa kila asubuhi. Kazi hiyo hufanywa jioni. Sare za baba na mama na za watoto zipigwe pasi, viatu ving'arishwe, na mikoba ya shule ifungwe na kuwekwa karibu na mlango. Mkaa au kuni ziwekwe tayari. Viazi vitamu au muhogo vyaweza kumenywa jioni na kuachwa ndani ya maji yaliyofunikwa, na chai ya alfajiri ikatiwa katika chupa. Kazi hizi zisiachiwe mama peke yake. Baba na watoto wakubwa wagawane.

Watoto walale mapema, kwa kuwa mtoto wa shule ya msingi huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Atembeaye gizani avae nguo nyeupe au kitambaa kinachong'aa, na mdogo asivuke M1 bila mkubwa wake. Mwenye miadi ya hospitali aulize nauli na saa ya gari la kwanza siku moja kabla, na aweke barua na kibali pamoja katika mfuko mmoja. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

WAJIBU WA WENYE MAGARI NA WA WAKUBWA

Gari lenye mtu mmoja huchukua nafasi kubwa barabarani kwa faida ya mtu huyo tu. Familia zinazoishi jirani, iwe katika Kamuzu Barracks, katika nyumba za polisi au mitaani, zaweza kupeana zamu: leo gari la huyu, kesho la yule, na gharama ya mafuta ikagawanywa. Malawi imeonja mara kadhaa uhaba wa mafuta tangu mwaka 2022, na kila lita inayoungua garini bila mwendo ni hasara ya nyumba.

Dereva aliyevaa sare naye ana wajibu zaidi. Akipita pembeni mwa barabara ili kuikwepa foleni, huwaingilia waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, na raia humfuata kwa kuwa wameona mfano. Akingoja zamu yake, raia nao hungoja.

Liko jambo moja ambalo familia haiwezi kulifanya yenyewe, nalo ni kubadili saa. Ikiwa shule na ofisi hazitafunguliwa kwa wakati mmoja, bali zikapishana hata kwa nusu saa, barabara zilizopo zitapumua bila kuongezwa lami. Wakubwa wa kazi wenye madaraka hayo walifikirie. Wakati huo ukingojwa, kila nyumba ianze na ile nusu saa iliyo ndani ya uwezo wake, na ianze leo jioni.